Siku Maksai Hawakusikia Sauti

Baba yangu alikuwa msimamizi wa ghala la pamba Igogo. Kila mwezi wa tatu, ghala likiwa limebaki na marobota machache tu ya msimu uliopita, alilifungua kwa mashindano ya maksai. Aliyaanzisha mimi sijazaliwa. Nimekua nikidhani kila mji una jumba ambamo ng'ombe huingia mara moja kwa mwaka na watu wakakaa kwenye mabenchi kuwatazama.

Wageni walikuwa wakiuliza kwa nini ng'ombe waoneshwe ndani ya nyumba. Sababu ilikuwa mvua. Mwezi wa tatu wakulima walipata nafasi kidogo ya kupumua, lakini uwanja wa nje ulikuwa tope tupu. Ghala lilikuwa na sakafu ya saruji, paa la mabati na mlango unaopitisha lori. Siku mbili kabla ya mashindano baba alimwaga mchanga wa ziwani juu ya saruji ili kwato zisiteleze, akachora mistari kwa chokaa, akapanga vyungu viwili viwili kutoka mwanzo wa ghala hadi mwisho.

Mashindano yenyewe yalikuwa hivi. Jozi ya maksai, nira shingoni, inavuta gogo kwa mnyororo. Wapite katikati ya vyungu bila kuvigusa, wageuke mwisho wa ghala, warudi, wasimame kabla ya mstari wa chokaa. Mwenye ng'ombe anatembea nyuma, mikono mitupu. Fimbo marufuku, kamba marufuku. Ni sauti yake tu. Baba alikuwa akisema ng'ombe anayekwenda kwa fimbo amefundishwa nusu.

Nilipofika miaka ishirini na kitu, nikiwa nimeshaanza kufundisha shule ya msingi, baba alinipa kazi mbili. Ya kwanza ilikuwa kutangaza kwa spika ya mkono. Ya pili ilikuwa kushika filimbi. Kulikuwa na sheria moja iliyozidi zote: mvua ikianza kupiga bati, filimbi inalia na kila kitu kinasimama. Aliye katikati ya vyungu anasimamisha ng'ombe wake na kuwashika nira mpaka mvua ipungue. Wakati mwingine tulikaa saa nzima hivyo, watu wakila karanga na kupiga soga kwa kupayuka, na hakuna aliyeondoka. Waende wapi?

Halafu ikaja miaka ya tisini, na watu wakapata pa kwenda.

Sitaki kusema ni kitu kimoja. Soko lilipofunguliwa, wanunuzi binafsi walikuja na malori yao hadi vijijini, wakanunua pamba shambani na kuondoka nayo. Ushirika uliomiliki ghala ukapunguza watu. Mume wangu, aliyekuwa karani wa mizani palepale ghalani chini ya baba, akapunguzwa. Alikaa nyumbani miezi minne haongei. Kisha akanunua televisheni, deki na jenereta, akajenga kibanda cha video hatua mia hivi kutoka lango la ghala. Sikumkataza. Tulikuwa na watoto wawili na yeye alikuwa ameanza tena kucheka.

Mwaka wa kwanza wa kile kibanda, mabenchi ya nyuma ghalani yalibaki wazi. Mwaka wa pili yakabaki wazi ya nyuma na ya pembeni. Nilimkuta alfajiri ya mwaka wa tatu, peke yake, akiburuta mabenchi kuyatoa nje na kuyarundika nyuma ya ukuta.

"Shikamoo baba. Mbona unayatoa?"

"Marahaba. Yakiwa machache yataonekana yamejaa."

Tukayatoa pamoja. Mwaka uliofuata tuliyatoa mengi zaidi.

Baba na mume wangu hawakuwahi kugombana. Ingekuwa afadhali. Kwa desturi yetu mtu na mkwewe wanaheshimiana kwa kukaa mbali kidogo, na wao walilitumia lile pengo vizuri. Baba akija kwetu Kiseke, mume wangu alimwamkia, akamletea kiti, akakumbuka ana shughuli nje.

Ndivyo ilivyokuwa jioni ile baba alipokuja wiki moja kabla ya mashindano ya mwisho. Hakukaa. Alisimama mlangoni na kofia mkononi.

"Darasani kwako una watoto wangapi?"

"Arobaini na saba."

"Waje Jumamosi."

Nilielewa mara moja anachotaka, na nilijifanya sijaelewa. "Kuangalia?"

"Kukaa," alisema. "Mwaka jana yule bwana wa Buswelu aliniuliza kama tarehe imebadilika. Alidhani amekosea siku. Mtu ametembea na ng'ombe tangu usiku wa manane, anafika, anauliza kama amekosea siku. Sitaki kuulizwa tena."

"Mwalimu mkuu hatakubali, baba. Atataka barua, atataka ruhusa ya wazazi."

"Basi usimwulize."

Mume wangu alikuwa nyuma ya nyumba akifunga jenereta kwenye baiskeli kwa minyororo. Najua alisikia, maana kelele za minyororo zilikoma. Baba alipoondoka aliingia akanitazama.

"Usiwapeleke," alisema.

"Wewe ndiye wa kusema hivyo?"

Alirudi nje kwenye jenereta. Ilikuwa mara ya kwanza kumtupia kile kibanda usoni, na nilijua neno limemwingia.

Ijumaa niliwaambia wanafunzi waje kesho yake saa tatu, na sare, tutakwenda kujifunza kilimo. Nilisema "na sare" kwa makusudi. Mzazi akiona sare hataulizia zaidi.

Walikuja arobaini na mmoja. Tulitembea kwa mistari miwili kutoka shuleni hadi Igogo, wakiimba. Mawingu yalikuwa yametanda upande wa ziwa, mazito, ya rangi ya chuma, na hewa haikutikisika. Kibanda cha mume wangu kilikuwa kimeshaanza. Tulisikia ngumi na makofi ya kwenye filamu, na watoto wengine walipunguza mwendo pale. Niliwahimiza.

Baba aliwapanga mwenyewe. Aliwaweka benchi za mbele kabisa, mwisho wa ghala, mahali ng'ombe wanapogeukia, kwa sababu mtu akiingia mlangoni macho yake huangukia hapo. Zamani palikuwa na ukuta wa marobota ya pamba kati ya watazamaji na maksai, umefika kifuani kwa mtu mzima. Mwaka ule halikuwepo hata robota moja. Baba alikuwa amefunga kamba ya katani kutoka nguzo hadi nguzo. Niliiangalia ile kamba. Nikaiangalia tena. Kisha nikaenda kwenye meza yangu ya kutangazia.

Watu wazima hawakufika thelathini. Walikuja washindani watano.

Bwana wa Buswelu alikuwa wa mwisho kwenye zamu, kama kawaida ya bingwa. Alikuwa mtu wa makamo, mfupi, asiye na maneno, na alikuwa ameshinda mara nyingi kiasi kwamba wengine walikuwa wanashindania nafasi ya pili. Maksai wake walikuwa wakubwa, mmoja mwekundu, mwingine mweusi mwenye baka jeupe begani. Kabla ya kuingia alikuja mezani kwangu.

"Mwalimu, hawa watoto wote ni wa nani?"

"Wa shuleni kwangu."

Aliwatazama muda. "Wamekaa karibu," alisema.

"Mzee ndiye aliyewapanga."

Akatikisa kichwa, akaenda kwa ng'ombe wake.

Aliingia vizuri. Hata leo nikifumba macho naona. Maksai wale walitembea kama watu wanaoingia kanisani, vichwa chini, gogo likichora mstari mmoja mchangani nyuma yao. Sauti yake ilikuwa ndogo, ndefu, inatokea puani. Akiivuta juu wanakwenda, akiishusha wanapunguza, akiikata wanasimama. Walipita chungu cha kwanza, cha pili, cha tatu. Watoto walikuwa wametulia kabisa. Nilimwona baba amesimama karibu na nguzo, mdomo wake uko wazi kidogo, na nikafikiri: sawa, ilifaa kuwaleta.

Tone la kwanza lilipiga bati kama jiwe. Halafu la pili. Niliinua filimbi mdomoni na kumtazama baba.

Alitikisa kichwa. Hapana.

Nilimwelewa. Tukisimamisha, watu wazima wale wachache watasema wanaiwahi mvua isije ikazidi, na watakimbilia kwenye video. Watabaki watoto wa kuletwa peke yao. Alitaka mwaka huo bingwa amalize mbele ya watu. Alikunja kiganja, akanionesha: subiri kidogo.

Filimbi ilikuwa kati ya meno yangu. Nilisubiri.

Mvua ilishuka yote kwa pamoja. Asiyewahi kukaa chini ya bati la ghala mvua ya masika ikinyesha hawezi kujua. Husikii hata mawazo yako. Nilimwona bwana wa Buswelu akipanua mdomo, mishipa ya shingo imemtoka, na hakuna kitu kilichofika kwangu. Hakikufika kwa ng'ombe pia. Walikuwa wamefika mwisho wa vyungu, mahali pa kugeukia. Ng'ombe wa fimbo wangesimama wenyewe, au wangegeukia popote. Hawa walikuwa wamefundishwa kuendelea mpaka waambiwe. Waliendelea.

Hawakukimbia. Jambo hilo huwa nalirudia kwa watu kwa sababu kila mmoja anadhani walikimbia. Walitembea. Hatua kwa hatua, taratibu, wakiisubiri sauti, wakaenda moja kwa moja kwenye ile kamba. Watoto walicheka. Walidhani ni sehemu ya mchezo, kwamba ng'ombe watasimama karibu kabisa na pua zao. Nilipuliza filimbi kwa nguvu zangu zote na haikusikika, hata mimi sikuisikia. Nilitupa spika nikakimbia.

Kamba ilikatika kama uzi. Hapo ndipo watoto walipoinuka wote mara moja, benchi zikaanguka, na sasa maksai waliogopa. Yule mwekundu akajivuta kushoto, mweusi akajivuta naye. Bwana wa Buswelu alikuwa ameshazunguka mbele. Alirukia nira na kuning'inia kwa uzito wake wote, uso wake ukiwa katikati ya pembe nne. Akawasimamisha. Lakini gogo nyuma yao halikuwa na wa kulisimamisha. Lilizunguka na mnyororo wake, likafagia mchanga, likampiga binti mmoja mguuni na kumbana kwenye mguu wa benchi.

Alikuwa binti mwembamba wa dawati la tatu, hodari wa hesabu. Mdomo wake ulikuwa wazi na sikusikia kilio chake. Nilikiona tu.

Mtoto mmoja alikuwa ametoka mbio mvuani hadi kwenye kibanda cha video. Kabla hatujamaliza kuliinua gogo, mume wangu aliingia na wanaume kama kumi, wote wamelowa. Aling'oa ubao wa benchi, wakamlaza binti juu yake, wakamfunga mguu kwa shati la mume wangu. Mmoja wa wateja wake alikuwa dereva wa pikapu ya kubebea sangara. Tulipanda nyuma, mimi na binti na mume wangu, tumefunikwa turubai, na ile harufu ya samaki. Nilipogeuka nilimwona baba katikati ya ghala akihesabu watoto kwa kidole. Alifika mwisho, akaanza upya.

Hospitali walisema mfupa wa kuanzia goti kwenda chini umevunjika sehemu mbili. Nilikaa kwenye kibaraza. Mume wangu alikwenda kumtafuta mama wa binti mwaloni, ufukweni pa wavuvi, alikofanya kazi ya kuanika dagaa.

Baba ndiye aliyefika kwanza. Alikuwa amewasindikiza watoto wote makwao, nyumba kwa nyumba, mvuani. Suruali yake ilikuwa tope hadi mapajani. Aliketi karibu yangu. Kisha akasema kwa sauti ya chini:

"Ukiulizwa, sema ilikuwa ziara ya shule."

"Haikuwa ziara ya shule."

"Najua. Utafukuzwa kazi, mwanangu. Mumeo hana kazi. Mimi sijui kesho nitakuwa na kazi gani. Sema mwalimu mkuu alikuruhusu kwa mdomo. Litakuwa neno lake dhidi ya lako."

Sikuwa nimewahi kumwona baba akimtaka mtu aseme uongo. Nilimtazama nikaona ameogopa kuliko mimi, na woga ule ulinitisha kuliko kupoteza kazi yenyewe. Nilitaka kumkubalia. Nilikuwa nayapanga maneno.

Mume wangu akarudi, na mama wa binti akatokea mwisho wa kibaraza, magamba ya dagaa bado yanang'aa mikononi. Hakusalimia.

"Nani aliyempeleka mwanangu kwa ng'ombe?"

"Mimi, mama."

"Shule ilisema aende?"

Nilihisi bega la baba likinigusa.

"Shule haikujua," nilisema. "Niliwachukua mwenyewe. Ghala lilikuwa halina watu, nikawachukua wakajaze viti."

Alinitazama kana kwamba nimezungumza lugha asiyoijua. "Wakajaze viti," alirudia. Akaingia ndani kwa mwanawe. Baba aliinuka akatoka nje, akasimama kwenye mvua, na mume wangu akamfuata. Niliwaona kutoka kibarazani wamesimama pamoja. Baadaye mume wangu alimvua baba koti lililolowa akalikamua.

Jumatatu nilimwambia mwalimu mkuu kabla hajaambiwa. Nilipewa barua ya onyo kali na nikahamishiwa shule ya Buswelu. Wenzangu walisema nimepona kwa bahati, na ni kweli. Baba alirudisha funguo za ghala wiki ileile, bila kuombwa. Miezi michache baadaye lilikodishwa na watu wa samaki wakaweka makreti yao. Sikumsikia baba akilalamika. Alikwenda kwa mama wa binti mara tatu. Mara mbili alifungiwa mlango. Mara ya tatu alikaa kizingitini tangu asubuhi, na adhuhuri mama yule akamtolea maji ya kunywa, akamwambia asirudi tena.

Kuhusu filimbi tulizungumza mara moja tu. Baba alisema kosa ni lake kwa sababu yeye alitikisa kichwa. Nilimwambia filimbi ilikuwa mdomoni mwangu. Akasema hapana, na mimi nikasema ndiyo, na tukaachia hapo, kila mmoja akiwa ameshikilia lake. Alifariki bado tunabishana.

Mwezi wa tatu mwaka uliofuata, siku ya Ijumaa, niliitwa kutoka darasani kule Buswelu. Langoni alikuwa amesimama yule bwana wa maksai, amevaa shati lake la mashindano.

"Mwalimu, kesho ndiyo ilikuwa siku yetu."

"Hakuna tena mashindano, mzee."

"Najua. Sikuja kwa hilo." Alikuwa akikunja na kukunjua mikono. "Nataka kumwona yule mtoto. Mwaka mzima nimesema nitakwenda. Sijui nyumba."

Nilitaka kukataa. Mimi mwenyewe sikuwa nimekanyaga kwao tangu binti alipotolewa plasta. Lakini Jumamosi nilikwenda naye. Njiani nilimuuliza habari za ng'ombe wake. Alisema mwekundu anao bado, mweusi amemwuza, na kwamba siku hizi huwafunga kamba puani kama watu wote.

"Kwa sauti hapana?"

"Naogopa," alisema.

Tulimkuta mama mlangoni akichagua mchele. Alinijua kabla sijafungua mdomo, na mikono yake ikasimama kwenye ungo. Nilimwambia bwana huyu ni nani. Hakutukaribisha kuketi. Bwana wa Buswelu alivua kofia, akaanza sentensi, akaishia katikati. Mama alimwacha asimame hivyo. Jua lilikuwa kali na sisi wawili tulikuwa tumesimama katikati ya uwanja kama wanafunzi waliochelewa.

Kando ya nyumba ya jirani wasichana walikuwa wakicheza rede. Binti alikuwa katikati, anakwepa mpira. Alikuwa amerefuka. Alikwepa wa kwanza, akakwepa wa pili, na alipogeuka tuliona wote kwamba mguu mmoja unachelewa kidogo kuufuata mwingine. Mpira ukampata. Akatoka akicheka, akakaa kando na wenzake. Hakutuona.

Bwana wa Buswelu alitazama mpaka zamu nyingine ikaanza. Midomo yake ilikuwa ikitikisika bila sauti.

"Mmemwona," mama alisema, akirudisha mikono kwenye mchele. "Basi. Nendeni salama."